Fuata krediti moja mpaka mwisho wake

Barua tatu za mwezi huu zinauliza habari ya mtaala nyumbufu katika vyuo vikuu vya Kiislamu, na zote tatu zinaitazama Indonesia. Nimeziweka pamoja. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu jambo lenyewe limewahi kunikaba koo.

SWALI: Assalaam alaykum Bi. Mwalimu, na shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya pili ya uongozi wa elimu ya Kiislamu hapa Malang, Java Mashariki. Kwetu ni Makunduchi. Tasnifu yangu ni tathmini ya mtaala nyumbufu katika chuo kikuu kimoja cha Kiislamu cha serikali. Huku ulizinduliwa kwa jina la Merdeka Belajar Kampus Merdeka, yaani uhuru wa kujifunza, kampasi huru. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaruhusiwa kutoka nje ya programu yake hadi mihula mitatu. Anaweza kusoma idara nyingine au chuo kingine, kufundisha madrasa ya kijijini, kufanya utafiti, mradi wa biashara au kazi za misaada, na muda huo ukahesabiwa krediti. Msimamizi wangu ameniidhinishia mfumo wa tathmini wa CIPP, unaotazama muktadha, nyenzo, mchakato na matokeo. Nimeandaa hojaji ya maswali 40, na mkuu wa idara ameniahidi ripoti zote. Wasiwasi wangu ni kwamba kila ninayezungumza naye anausifu mpango. Wanafunzi wamefurahi, wahadhiri wamefurahi, ripoti zimejaa picha za watu wanaotabasamu. Nitajuaje kama kweli unafaa? – M.S., Malang

JIBU: Wa alaykumus salaam, mwanangu. Marahaba. Umenikumbusha mbali. Nami nilisoma Malang miaka miwili, kabla mpango huo haujazaliwa, na bado nakumbuka baridi ya alfajiri yake na wasichana wa mwaka wa kwanza wakitoka bwenini wamekumbatia vitabu vya Kiarabu. Ninakujibu kama mtu anayewapenda watu wa huko, na kama mtu aliyewahi kutia sahihi mahali ambapo hakupaswa kuitia.

Nianze na hiyo sahihi. Miaka kadhaa nyuma nilisimamia programu ya walimu walio kazini katika chuo kimoja cha Kiislamu hapa nchini. Walimu wa dini wa shule za sekondari walikuja wikiendi na wakati wa likizo, na tuliwaruhusu kufidia baadhi ya kozi kwa kazi walizokuwa wakizifanya huko waliko. Aliyekuwa akihudhuria kwa kadhi wa wilaya, kwa mfano, aliandika ripoti ya mashauri aliyoyashuhudia, akahesabiwa kozi ya mirathi. Mwisho wa mwaka tukagawa hojaji. Karibu wote walitia alama kwenye "nimeridhika sana". Nikaandika ripoti nzuri, ikasomwa mbele ya baraza la chuo, tukapongezwa.

Mwaka uliofuata nilimtembelea mmoja wao shuleni kwake, mkoani Tanga. Nikakaa nyuma ya darasa. Alikuwa akifundisha mirathi kidato cha tatu. Akaandika ubaoni: mume hupata nusu ikiwa mkewe hakuacha mtoto, dada wawili wa baba mmoja mama mmoja hupata thuluthi mbili. Ni sahihi, ndivyo ilivyo katika Suratun-Nisaa, aya ya 12 na ya 176. Binti mmoja aliyekaa karibu na dirisha akanyoosha mkono. Akasema bibi yake mdogo amefariki, hakuacha mtoto wala mzazi, ameacha mume, dada wawili na minazi 42 huko Pangani. Nusu ya minazi ni 21. Thuluthi mbili ni 28. "Mwalimu, jumla yake 49. Hiyo saba tutaitoa wapi?"

Mwalimu akafuta ubao, akaandika upya, akapata 49 tena. Akafuta tena. Chaki ikamkatikia mkononi. Kisha akageuka akanitazama mimi, kule nyuma.

Jawabu la yule binti lina zaidi ya miaka 1,300. Ni suala la awli, ambalo mapokezi yanalirudisha zama za Sayyidna Umar: mafungu yakizidi mali, asili ya hesabu, yaani idadi ya sehemu, hupandishwa, hapa kutoka sita hadi saba, ili kila mrithi apunguziwe kwa kadiri ya fungu lake. Mume anachukua minazi 18, kila dada 12, inatimia 42. Anayesoma mirathi mbele ya shehe hukutana na suala hilo mapema, na mara nyingi ni hilohilo la mume na dada wawili. Mwalimu wangu hakuwahi kukutana nalo kwa sababu halikutokea katika mashauri aliyoyaandika, na sisi hatukumuuliza. Kwenye transkripti yake mirathi ina alama A. Niliporudi chuoni nikalitafuta jedwali la kufidia krediti, na chini yake nikakuta sahihi yangu.

Kwa hiyo, mwanangu, hojaji yako ya maswali 40 iendelee, lakini usiitegemee. Chagua krediti moja uifuate mpaka mwisho wake. Mchukue mwanafunzi mmoja aliyekwenda kufundisha madrasa ya kijijini kwa muhula mzima. Katika jedwali la kufidia utakuta kozi zilizohesabiwa badala ya muhula ule. Moja ni mbinu za kufundisha. Hiyo ina mantiki, achana nayo. Tafuta iliyo mbali zaidi na kazi aliyoifanya, labda hadithi za hukumu, labda usulul-fiqhi, yaani misingi ya kutoa hukumu, labda nahau ya Kiarabu. Hiyo ndiyo ya kuifuata. Nani aliamua kwamba kufundisha watoto kusoma Juzuu Amma kunafidia krediti mbili za usulul-fiqhi? Aliamua kabla mwanafunzi hajaondoka, au aliporudi, wakati karatasi inatafutwa pa kujazwa? Mwanafunzi alisoma nini cha usulul-fiqhi akiwa huko? Nani alimsikiliza? Alama ilitolewa na nani, na kwa kutazama nini?

Fanya hivyo kwa wanafunzi sita au wanane, wa idara tofauti. Kisha kaa na kila mmoja ana kwa ana, kwa adabu, mbele yenu ukurasa mmoja wa kitabu cha kozi ile iliyofidiwa. Mwombe akusomee na akueleze. Si mtihani, na umwambie hivyo. Dakika ishirini zitakuonyesha mambo ambayo ripoti zenye picha hazikuyabeba.

Kuna anayeweza kusema hiyo ni kali mno kwa mtaala unaojiita huru. Mimi naona ndiyo asili ya uhuru katika elimu yetu. Huko Java, katika pesantren, yaani shule zao za bweni za dini, wana utaratibu unaoitwa sorogan: mwanafunzi mmoja mmoja anakwenda na kitabu chake mbele ya kiai, shehe wao, anasoma, anasahihishwa, anarudi kesho. Sisi pwani tulifanya vilevile barazani kwa shehe, na mara nyingi hata kitabu kilikuwa kilekile, Safina, ambacho mtunzi wake Mhadhrami alifia Batavia, Jakarta ya leo. Sote ni Mashafii, vitabu vimepanda jahazi zilezile. Sasa utazame utaratibu ule kwa jicho la mtu wa mitaala. Unaanza siku unayotaka. Mtoto wa miaka tisa anakaa pembeni ya mvuvi wa miaka arobaini. Mmoja anamaliza kitabu kwa miezi mitatu, mwingine miaka miwili, na hakuna anayeonekana amefeli. Ukitaka nahau unakwenda kwa shehe mwingine, mtaa wa pili au kisiwa cha pili, na shehe wako hachukii. Ni nyumbufu kuliko chochote kilichobuniwa na wizara. Lakini hakuna aliyevuka mlango wa kitabu bila mtu kumsikia akiusoma. Muda ulilegezwa, mahali palilegezwa, masikio ya mwalimu hayakulegezwa. Nataka tasnifu yako iulize kama kwenye kampasi huru masikio hayo bado yapo.

Baada ya hapo tazama saa. Krediti yao, SKS, ilihesabiwa kuwa dakika 170 kwa wiki kwa wiki 16. Muhula wa nje hupewa krediti 20. Zidisha: ni kama saa 907. Ukizigawa kwa wiki 16 unapata karibu saa 57 kila wiki. Sasa nenda kwenye ile madrasa ya kijijini uulize inafungua saa ngapi na kufunga saa ngapi. Ikiwa watoto wanaondoka adhuhuri, siku sita kwa wiki, mwanafunzi wako yuko darasani saa 30 hivi kwa wingi. Zilizobaki ziko wapi? Pengine zipo: anaandaa masomo, anasomesha akina mama jioni, anaandika kitabu cha zakati cha msikiti. Pengine walitandaza kazi kwa miezi sita kamili, na hapo saa zinashuka hadi 35 hivi kwa wiki, jambo linalowezekana. Na pengine hazipo popote ila kwenye fomu. Kitabu cha kumbukumbu za kila siku kitakuambia, hasa ukikuta kurasa za wiki tatu zimeandikwa kwa kalamu moja, kwa mwandiko usiochoka.

Kuhusu CIPP yenyewe, msimamizi wako hakukosea. Stufflebeam aliitengeneza ili watu wapate habari za kuboresha kazi wangali wakiifanya, na yeye mwenyewe alisisitiza kuwa kuboresha ndiyo shabaha, kuliko kuthibitisha. Muktadha, nyenzo, mchakato, matokeo: wengi hujaza visanduku vinne kwa uzito sawa. Usifanye hivyo. Kwako wewe uzito uko kwenye muktadha na mchakato.

Muktadha, kwa sababu mpango huu haukuzaliwa katika vyuo vya Kiislamu. Ulitangazwa Januari 2020 na waziri wa elimu wa wakati ule, Nadiem Makarim, ukatiwa nguvu na kanuni namba 3 ya mwaka huohuo. Vyuo vya Kiislamu vya serikali viko chini ya Wizara ya Dini. Wizara hiyo ikalazimika kutoa mwongozo wake ili kuuvalisha mpango ule kanzu. Lengo lililosemwa sana mwanzoni lilikuwa kumkaribisha mwanafunzi kwenye kazi na viwanda. Mhandisi anakijua kiwanda chake. Mwanafunzi wa ahwal shakhsiya, yaani sheria za ndoa na familia, cha kwake kiko wapi? Huko Indonesia kwa kweli kipo: kuna mahakama za dini, kuna ofisi za mambo ya dini kila wilaya ndogo ambako ndoa hufungwa na kuandikwa, kuna bodi ya zakati. Lakini mwanafunzi wa tafsiri na hadithi? Waulize wahadhiri wake swali hilo kwa utulivu na uandike majibu yao neno kwa neno. Usiwashitaki. Wengi waliletewa mpango mwaka wa korona, madarasa yakiwa kwenye simu, wakaambiwa wabadilishe mtaala.

Jambo jingine lililo wazi kwenye kanuni lakini hupotea kwenye tathmini: kutoka nje ni haki ya mwanafunzi. Chuo ndicho kilichowajibishwa kumwezesha, yeye hakulazimishwa kwenda. Basi ukikuta idara imepeleka wanafunzi wote kwa orodha, usiandike "mafanikio kamili". Hapo haki imekuwa amri. Na ukikuta wachache wamekwenda, usiandike "umeshindwa" kabla hujazungumza na waliobaki. Hawa ndio hojaji yako imewasahau. Wapo wasiokuwa na nauli. Wapo wanaofanya kazi jioni ili walipe ada. Na wapo wanaokaa pesantren huku wakisoma chuo kikuu, wanaohifadhi Qur'ani na kila siku wana setoran, yaani kumsikilizisha mwalimu kile walichohifadhi. Namkumbuka binti mmoja wa aina hiyo, chumba jirani na changu, aliyeshindwa kwenda hata kwao Madura wikiendi kwa sababu alikuwa juzuu ya kumi na tisa na hakutaka mnyororo ukatike. Muhula mzima kijijini, mbali na sikio la mwalimu wake, ungemgharimu kitu ambacho krediti 20 hazikifidii. Mtaala unaomwacha huyu nje, au unaomwambia achague, una ufa ambao tathmini lazima iuonyeshe. Pengine dawa ni rahisi: kile anachokifanya tayari kwa mwalimu wake wa hifdhi kitambuliwe kama njia mojawapo. Waulize kwa nini hakikutambuliwa, kama hakikutambuliwa.

Kwenye hojaji, futa "je, umeridhika na muhula wa nje?" Weka maswali ambayo majibu yake yana jina, siku na idadi. Mhadhiri wako alikuja kukutembelea mara ngapi? Mara ya mwisho alikusahihisha nini? Ni kitabu gani ulikisoma huko, na uliishia ukurasa gani? Ni jambo gani wanakijiji walikuuliza ukashindwa kulijibu, na baadaye ulikwenda kumuuliza nani? Hilo la mwisho nalipenda kuliko yote.

Na usiende ukitafuta ubaya tu. Nimeona muhula wa nje ukifanya kazi ambayo darasa haliwezi. Nikiwa huko niliandamana na kundi la wanafunzi waliokuwa kijiji cha wakulima wa kahawa, kusini mwa Malang. Mkulima mmoja aliuliza zakati yake inakuwaje ikiwa anauza kahawa mbichi kwa mlanguzi miezi miwili kabla haijavunwa. Wale vijana walikesha. Wengine walisema kahawa haina zakati ya mazao kwa Mashafii kwa kuwa si chakula kikuu, wengine wakaleta zakati ya biashara, mmoja akakumbuka kwamba kuuza tunda kabla halijapevuka kuna maneno yake peke yake. Asubuhi wakampigia simu mhadhiri wao, naye akapanda pikipiki akaja. Walikaa ukumbini kwa mkulima mpaka adhuhuri, vitabu vimetandazwa juu ya mkeka, kikombe cha kahawa kikiwa juu ya kimojawapo. Nilijifunza fiqhi ya biashara siku ile kuliko muhula wangu wote. Tofauti ya vijana wale na mwalimu wangu wa Tanga ni yule mtu aliyepanda pikipiki. Katika tasnifu yako muhesabu yeye: analipwa nini kwa safari ile, ana wanafunzi wangapi wa nje kwa muhula mmoja, na vipindi vyake vya darasani vilipunguzwa au vimeongezwa juu yake.

Waliomaliza mwaka mmoja au miwili iliyopita watafute pia, wawili watatu wanatosha. Nenda uwaone wanafanya kazi. Kaa nyuma ya darasa.

SWALI: Mwalimu, nakusalimu kwa heshima. Binti yangu anasoma Indonesia, chuo cha Kiislamu, mwaka wa tatu, kwa msaada wa masomo na sehemu nalipa mwenyewe. Amenipigia kuniambia muhula ujao hatakuwa chuoni, atakaa kijijini karibu miezi sita akifundisha madrasa, na kwamba hiyo ni sehemu ya masomo. Mimi nimemtoa Pemba akasome chuo kikuu, sikumtoa akakae shamba kwa watu. Mama yake halali. Nimkatalie? – Baba Z., Chake Chake

JIBU: Ndugu yangu, mwambie mama Z. kwanza apumzike. Binti hakukudanganya, jambo hilo lipo kisheria. Wanafunzi wa Indonesia wamekuwa wakipelekwa vijijini kwa huduma tangu miaka ya 1970, na wanakijiji wamewazoea. Kwa kawaida hukaa kwa makundi, na wanavijiji huwaita watoto wao. Mpango mpya umeongeza muda na idadi ya krediti.

Lakini wasiwasi wako wa mahali pa kulala ni wa haki, wala usikubali mtu akuambie ni ushamba. Muulize binti anakwenda na nani, wasichana wangapi, nyumba ya nani, na kama kuna mwanamke mtu mzima nyumbani humo. Omba namba ya mhadhiri anayewasimamia umpigie mwenyewe. Kiarabu au Kiswahili chako na Kiindonesia chake mtakutana katikati, au binti atafasiri. Chuo kilichojipanga hakitakasirika kwa simu ya baba.

Kisha umuulize jambo ambalo pengine hukulifikiria: kozi gani zitahesabiwa, na kama zimeandikwa na kutiwa sahihi kabla hajaondoka. Hapo ndipo wengi huumia. Mwanafunzi anarudi na sifa nyingi, kisha anaambiwa krediti zilizokubaliwa ni 12 badala ya 20, na lazima arudie muhula, na muhula wa kurudia unalipiwa. Karatasi hiyo aipige picha akutumie.

Kama majibu hayo yatakuridhisha, mruhusu kwa moyo mweupe. Kama hayapo, mwambie abaki chuoni asome kozi zake kama kawaida. Kwenda ni haki yake, na kutokwenda ni haki yake pia.

SWALI: Bi. Mwalimu, pole na kazi. Mimi ni mhadhiri katika chuo cha Kiislamu hapa bara. Wakubwa wetu wanapendekeza tuanzishe mtaala nyumbufu kwa kuiga wa Indonesia: mihula mitatu nje, krediti zifidiwe. Wamesema pia huko tasnifu ya shahada ya kwanza si lazima tena. Nimeteuliwa kwenye kamati. Niwaambie nini? – Mwanakamati

JIBU: Waambie wahesabu mihula kwanza. Shahada ya kwanza ya Indonesia ni mihula minane, krediti zao zisizopungua 144. Mihula mitatu kati ya minane inaacha mitano nyumbani. Shahada zetu nyingi ni miaka mitatu, mihula sita. Mitatu kati ya sita ni nusu ya shahada. Mwanafunzi aliyeingia bila Kiarabu, kama walivyo wengi wetu wanaotoka sekondari za kawaida, atakuwa amepata mihula mitatu tu ya kukaa mbele ya mwalimu. Sioni itakuwaje.

La pili, krediti zetu na zao si ndugu. Kwa kanuni za Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) krediti moja ni saa kumi za kujifunza, na mwaka ni krediti 120, kwa hiyo muhula ni kama saa 600. Muhula wao wa nje ni zile saa 907 nilizomhesabia binti wa Makunduchi hapo juu. Ukinakili jedwali lao ukabadilisha tu jina la krediti, utakuwa umeahidi saa ambazo huna. Kamati itengeneze jedwali lake kuanzia sifuri, kozi kwa kozi, na kwenye kila mstari kuwe na safu mbili za ziada: nani atamsikiliza mwanafunzi, na atamsikiliza nini.

Kuhusu tasnifu, walichosikia ni kweli kwa nusu. Kanuni ya mwaka 2023, namba 53, iliruhusu kazi ya mwisho ya shahada ya kwanza iwe tasnifu, au mradi, au kielelezo cha kitu kilichobuniwa, au namna nyingine inayofanana, ya mtu mmoja au ya kundi. Programu ndiyo inayochagua. Haikusema mwanafunzi aondoke mikono mitupu. Kwa idara ya sharia ningefurahi kuona mwanafunzi anahakiki faili ishirini za mirathi za wilaya yake na kuzitetea mbele ya watahini watatu, badala ya tasnifu nyingine ya kurasa themanini iliyonakiliwa. Lakini atetee kwa mdomo. Hilo msilitoe.

Ikiwa shida yenu hasa ni walimu walio kazini wasioweza kuja chuoni, basi mfano wa kuutazama huko Indonesia ni Cirebon zaidi kuliko mihula mitatu. Chuo cha serikali cha Kiislamu cha mji ule kilianza mwaka 2021 kufundisha elimu ya dini kwa masafa, na mwaka 2024 kikawa chuo kikuu cha mtandaoni rasmi. Mwandikieni mkuu wa programu, muombe kuona wanavyomsikiliza mwanafunzi akisoma maandishi ya Kiarabu yasiyo na irabu kupitia simu. Hilo ndilo jambo gumu, mengine ni mitambo.

Anzeni na kozi moja na fildi ambayo tayari mnayo. Wanafunzi wenu wanakwenda mazoezi ya kufundisha kila mwaka. Ongezeni hapo kitabu kimoja kidogo cha fiqhi na mwalimu mmoja wa kuwasikiliza kila wiki mbili, kwa mwaka mmoja, kisha mtazame. Chakula, nauli na vocha za simu za mwalimu huyo muziandike kwenye bajeti kabla ya kuandika neno "nyumbufu" popote.

Mimi nitakuwa Tanga mwezi ujao. Jedwali langu la zamani bado ninalo, lile lenye mirathi na sahihi yangu chini. Nitalipiga picha nikutumie kwa anwani uliyoiacha, uwaonyeshe wanakamati. Mstari wenyewe ni wa saba.